Sindano Niliyomchoma Wycliffe

Abu Hamour, Ijumaa alasiri

Mwadime,

Umetoka na baba yako kwenda kutafuta begi lingine, maana lile la kwanza zipu imeachia, na mimi nimepata saa mbili hivi za kusema nisichoweza kukisema ukiwa umenikazia macho. Mambo ya baridi, ya chakula, ya treni na ya namna ya kuishi na mwenye nyumba, baba yako atakueleza. Yeye ana subira nayo. Mimi nina jambo moja tu, na linanuka. Nilitaka kulificha katikati ya nguo zako ulikute ukishafika Italia. Kisha nikaona huo ni woga uleule ulionifikisha hapa. Nitakupa barua hii mkononi jioni, uisome ndege ikiwa bado haijaondoka.

Nataka kukuambia habari za Mista.

Najua unampenda. Nakumbuka siku ya kwanza uliporudi kutoka mazoezi ya timu ya vijana, ukanieleza kwa majivuno kwamba kule Italia kila kocha huitwa Mista, na kwamba huyu wenu aliwahi kucheza ligi kuu na akashinda kombe. Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Tangu siku hiyo, hapa nyumbani tulikula na Mista, tukaoga na Mista, tukalala na Mista. Mista amesema uinue kichwa kabla mpira haujakufikia. Mista amesema kiungo asiyetazama nyuma ni kipofu. Sikukukatiza. Wewe ulimjua uwanjani, filimbi shingoni. Mimi nilimjua upande mwingine, kwenye zahanati ya klabu nilikokuwa muuguzi, suruali ameikunja hadi mapajani na magoti yake mawili juu ya kiti changu.

Magoti yale hujawahi kuyaona, kwa kuwa hakuwahi kuvaa kaptula mbele yenu. Yamevimba, yana makovu yaliyopishana kama njia za panya, na ukiyakunja yanatoa sauti. Kila Jumatatu nilimwekea barafu, nikampaka dawa, na kwa vile hakuweza kuinama, nilimfunga kamba za viatu. Katika nusu saa hizo za barafu ndimo alimonisimulia maisha yake, kwa Kiingereza chake cha kukatakata.

Alizaliwa kwenye mji wa viwanda vya ngozi. Baba yake alikuwa akikwangua ngozi za ng'ombe, na alirudi nyumbani akinuka hivi kwamba mama alimwekea karai la maji nje ya mlango. Mista alisema yeye alicheza mpira ili asinuke. Akiwa na miaka kumi na saba alichukuliwa na klabu ya mjini. Hakuwa mchezaji wa mbwembwe. Alikuwa kiungo mkabaji, kazi yake kuupora mpira na kumpa mwenzake anayejua kuutumia. "Mimi nilikuwa fundi bomba, sista," aliniambia. "Hakuna anayempigia makofi fundi bomba. Lakini asipokuja siku mbili, nyumba nzima inanuka."

Ile picha ya kombe iliyo ofisini kwake, uliyopiga nayo picha, itazame tena. Nahodha ndiye aliyeinua kombe. Mista yuko pembeni kabisa, nusu ya uso imekatwa. Msimu ule wa kombe alicheza goti likiwa limechanika ndani, na kila wikendi alichomwa sindano ya ganzi ili asisikie. Kocha wake alimfuata bafuni, akamshika shingo, akamwambia: moja tu, ya mwisho. Wiki iliyofuata, tena: moja tu, ya mwisho. Misimu mitatu ikaenda hivyo. Alipokuwa na miaka thelathini na mbili aliamka asubuhi moja akashindwa kushuka ngazi za nyumba yake mwenyewe. Akakaa kwenye ngazi ya juu mpaka mkewe alipokuja kumshusha. Hapo ndipo uchezaji wake ulipoishia.

Kisha akawa kocha. Alianza kwenye kimji cha milimani, akaipandisha daraja timu ya maseremala na walimu wa shule, wakambeba mabegani huku yeye akilia kwa uchungu wa magoti nao wakidhani ni furaha. Akaitwa na klabu kubwa zaidi, akafukuzwa majira ya baridi. Akaitwa na nyingine, akafukuzwa hata baridi haijaingia. Simu ikanyamaza. Ndipo akaja huku jangwani, kufundisha timu ya wakubwa pamoja na nyinyi vijana. Aliniambia akiipandisha hii timu yetu, watu wa kwao watalikumbuka jina lake.

Na kuna jambo moja alilonisimulia ambalo hadi leo likinijia natamani kunawa. Yule kocha wa bafuni alipokufa, wachezaji wake wa zamani walikwenda kumzika. Mista naye aliendesha gari hadi kanisani. Hakuingia. Alifungua mlango wa gari, akatema mate chini, akageuza. "Nilitema mate, sista," alisema, na macho yake yalikuwa na maji. Nilimhurumia sana siku hiyo. Nilimfunga kamba za viatu taratibu kuliko siku zote.

Sasa njoo kwa Wycliffe.

Huyu mshambuliaji wa timu ya wakubwa unamjua kuliko unavyomjua binamu yako yeyote. Ijumaa ngapi, siku yetu ya ibada huku, alitoka nasi kanisani Mesaimeer akaja kula ugali na sukuma wiki kwenye meza hii ninayoandikia? Ndiye aliyekufundisha kugeuka na mpira huku mgongo umeuegemeza kwa beki, mkavunja ile taa ya sebuleni, nami nikawafukuza wote wawili. Mlichojua nyinyi vijana ni kwamba Wycliffe aliumia kwenye mechi ya mchujo kwa bahati mbaya. Mista aliwaambia hivyo, nawe ulikuja nyumbani ukaniambia, "Mama, mpira ndivyo ulivyo," kwa sauti ileile ya Mista. Niligeuka nikajifanya naosha sufuria.

Haikuwa bahati mbaya.

Siku nne kabla ya mechi, Wycliffe alipigwa picha ya goti. Kano ilikuwa imechanika zaidi ya nusu. Daktari wa klabu alinionyesha mwenyewe, akauweka ukucha wake juu ya kioo: hapa. Akasema mtu huyu asikimbie, anahitaji kupasuliwa. Mista akaingia, akafunga mlango kwa mgongo wake.

"Jumamosi nitakuwa naye?" akauliza.

Daktari akasema, "Hapana."

"Dakika sitini tu."

Daktari akatazama sakafu. Nilikuwa nimesimama kati yao na trei mkononi, na nilimwona mtu aliyesoma miaka yote ile akitazama vigae kama anatafuta sarafu iliyomdondoka. Mwishoni akasema, "Huo ni uamuzi wako, kocha. Mimi sijasema ndiyo." Akavua koti lake jeupe, akalitundika, akatoka. Sijasema ndiyo! Mwanangu, nimesafisha vidonda vyenye mabuu nikala chakula changu cha mchana bila shida, lakini sentensi ile ilinichafua roho.

Mista akanigeukia mimi. Hakunitisha. Ingekuwa nafuu angenitisha. Alisema, "Jana nimeongea na rafiki yangu kule Italia. Nimemwambia habari za mwanao. Ana kichwa cha kiungo, huyo kijana. Watamchukua kwa majaribio." Kisha, bila kutua: "Jumamosi utamwandaa Wycliffe."

Hakuna aliyesema hiki kwa kile. Hatukupeana mkono. Lakini nilielewa, na yeye alijua nimeelewa. Nilikwenda nyumbani nikamwambia baba yako. Alikuwa amerudi kutoka kuendesha basi la shule tangu alfajiri, ameketi miguu ndani ya beseni. Akasema, "Mama Mwadime, wewe si daktari. Ukifanya ulichoagizwa, dhambi ni ya aliyeagiza." Simlaumu. Nilimuuliza kwa sababu nilijua atanijibu hivyo.

Jumamosi ikafika. Wycliffe alikuwa amelala kwenye kitanda cha zahanati na jezi yake. Mista alisimama mlangoni. Wycliffe hakumtazama, alinitazama mimi, akaacha Kiingereza akaongea Kiswahili ili mambo yabaki kati yetu wawili.

"Sista, wewe ni mtu wa kwetu. Niambie ukweli. Hiyo picha inasema aje?"

Ningeweza kumwambia chochote. Mista hakuelewa hata neno. Ningesema: shuka kitandani, nenda nyumbani. Hakuna ambaye angejua nimesema nini. Hapo usikimbilie kunitetea, maana najua utataka kunitetea. Hakukuwa na mtu amenishika mkono. Lugha yetu wenyewe, ile aliyoikimbilia apate ukweli, ndiyo niliyoitumia kumdanganya.

Nikasema, "Ni uvimbe tu, Wycliffe. Sindano itautuliza."

Akapumua. Akasema, "Asante, Sista. Kama ni wewe umesema, basi." Nikachoma. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Ninauchukia mkono huu kwa kutotetemeka.

Mechi uliiona. Kipindi cha kwanza alicheza kama mtu aliyeachiliwa kutoka kifungoni, nawe ulikuwa jukwaani umesimama juu ya kiti unapiga mluzi. Kipindi cha pili aligeuka na mpira, peke yake, hakuna aliyemgusa. Mimi nilikuwa kwenye benchi, na nilijua kabla hajafika chini. Walipompitisha na machela mbele yangu hakupiga kelele, kwa kuwa ganzi ilikuwa bado inafanya kazi. Alikuwa anaushangaa mguu wake uliotazama upande usio wake. Kisha akanitazama mimi, na nikaona anaelewa.

Tulishinda. Timu ikapanda daraja. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo kulikuwa na keki yenye rangi ya kijani ya kupaka, Mista akicheza na taulo kichwani, kwa magoti yake yaleyale. Alinikumbatia, jasho na manukato, akasema, "Mikono ya dhahabu, sista, mikono ya dhahabu!" Daktari alikuwa pale anakata keki. Akanipa kipande. Nami nikala. Nilisimama pale na sahani ya karatasi nikala keki, Wycliffe akiwa kwenye gari la wagonjwa.

Wiki tatu baadaye barua yako ya majaribio ikaja. Ijumaa iliyofuata, kule Mesaimeer, nilisimama mbele ya kanisa nikatoa ushuhuda. Unakumbuka. Nilisema Mungu amefungua mlango ambao hakuna mwanadamu angeweza kuufungua. Watu wakapiga vigelegele. Wycliffe alikuwa amekaa safu ya nyuma, magongo yameegemezwa ukutani, naye alipiga makofi. Alipiga makofi kwa ajili yako, Mwadime, kwa dhati. Sijawahi kujisikia mchafu namna ile. Nilitamani ardhi inimeze, nayo haikutaka.

Klabu haikumwongezea mkataba. Alihamia Umm Salal, chumba kimoja na Wakenya wengine wanne wa kazi ya ulinzi, akisubiri kurudishwa nyumbani. Nilimfuata huko. Nilikuwa nimebeba chapati, kana kwamba nakwenda kumwona mzazi aliyejifungua. Alikuwa peke yake, wenzake wako kazini. Nikamwambia yote, nimesimama, maana sikuthubutu kukaa. Picha, daktari, Mista, wewe.

Alikuwa anaikunja pembe ya shuka na kuikunjua. Halafu akauliza, "Angekuwa Mwadime kwenye hicho kitanda, ungemchoma?"

Nikazitua chapati kitandani, nikazifunika upya.

"Usijali," akasema. "Nilitaka tu kukuona ukitafuta jibu."

Nikaanza kulia, nikaomba msamaha. Akanikatiza. "Sista, maneno ya mdomo sina kazi nayo. Nilishaamini mdomo wako mara moja. Andika. Andika vile picha ilisema na vile mlifanya, uweke sahihi, unipe. Huenda kuna mahali nitaenda nayo." Akanisukumia zile chapati. "Na hizi rudi nazo."

Nikamwahidi wiki hiyohiyo.

Sasa hili linalofuata ndilo linalonikirihisha kuliko yote, kuliko hata sindano. Sikuandika. Wycliffe alirudi Kenya, akawa ananitumia ujumbe: Sista, karatasi? Nami ninajibu: bado kidogo. Bado kidogo ya nini? Nilikuwa ninasubiri viza yako. Nilijua nikiandika, Mista atasikia, na neno lake linaweza kuifuta safari yako. Kwa hiyo nilimwacha mtu na goti lililooza akisubiri miezi miwili na nusu, mpaka pasipoti yako iliporudi na muhuri ndani. Siku hiyo ulinirusha juu kwa furaha pale jikoni. Ulipolala mchana, niliketi nikaandika kurasa tatu, nikatia sahihi na namba yangu ya leseni, nikampelekea. Alijibu neno moja tu: "Nimepata." Hakusema asante, na alifanya vizuri.

Nakala nyingine niliipeleka kwa uongozi wa klabu. Na Jumanne hii nikaingia ofisini kwa Mista kumwambia mwenyewe, asije akasikia kwa wengine.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atanitukana. Akasema polepole, "Mimi nilichomwa misimu mitatu. Mimi nani aliniandikia karatasi?"

Nikamwambia, "Hakuna, Mista."

"Na nilicheza. Na nilishinda kombe. Bila sindano ningekuwa kwenye ngozi na baba yangu."

"Ulimtemea mate maiti," nikasema.

Uso wake ukabadilika, nikadhani nimemfikia. Akainyanyua simu iliyokuwa mezani, akaishika bila kubonyeza kitu. "Mwanao anajua kwamba nikipiga simu moja tu hana timu?" Kisha akaiweka, akafungua droo kama anayetafuta kalamu. "Nenda nyumbani, sista. Khalas, yamekwisha."

Sijui kama amepiga. Huenda utafika pale langoni na viatu vyako ukaambiwa hakuna anayekufahamu. Nilipaswa kukuambia Jumanne ileile. Nimekuambia leo, tena kwa karatasi. Mimi nimeitwa Jumapili na uongozi, na sijui nitatoka pale nikiwa bado muuguzi. Baba yako anajua. Amenikasirikia, kisha ameacha kunikasirikia, kisha jana usingizini akanishika mkono.

Huenda ukisoma hapa hutataka kwenda. Huenda ukasema nafasi hii imenunuliwa kwa goti la mtu uliyekula naye. Ni kweli. Sitakusukuma uende wala sitakuzuia. Ila usibaki kwa ajili ya kunifariji, na usiende kwa ajili ya kunisamehe. Ukienda, mpigie Wycliffe kabla hujapanda ndege. Usimpigie kuniombea radhi. Mpigie kwa kuwa ni wako. Akikata simu, umesikia jibu lake.

Alichokufundisha Mista kuhusu mpira usikitupe. Kichwa juu kabla mpira haujafika, hilo ni kweli, na litabaki kweli hata kama limetoka kinywani mwake. Ndilo linalonitatiza mpaka leo, kwamba mtu yuleyule aliyekupa macho uwanjani ndiye aliyetusimamia mlangoni siku ile. Nilikuwa nikidhani waovu wana sura zao. Yeye alikuwa mtoto wa mkwangua ngozi aliyeshikwa shingo bafuni, akaapa moyoni hatafanana na aliyemshika, na siku yake ilipofika akashika shingo ya mwingine. Naye hakushika kwa mkono wake. Alinitumia mimi, mama wa mtu, mwenye sauti ya upole.

Ikija siku yako wakakuletea sindano, omba kuiona picha kwa macho yako, na umuulize anayekuchoma mbele ya watu. Hasa kama ni mtu wa kwetu. Hasa akiwa na sauti kama yangu. Na ikija siku ambayo wewe ndiwe uliyesimama mlangoni, umekuwa nahodha au kocha na mtu mwingine amelala kitandani, hapo sina la kukufundisha. Nilipofikishwa pale mimi, nilishindwa.

Nawasikia mnapanda ngazi, baba yako anakulaumu kuhusu rangi ya begi. Kwa hiyo nimalizie.

Asubuhi hii ulipotoka kuoga umevaa kaptula, ulinikuta sebuleni na kikombe cha chai kilichopoa. Ukasema, "Mama, mbona unaniangalia hivyo?" Nikakujibu kwamba nilikuwa nawaza tu kama umepakia soksi.

Nilikuwa nayatazama magoti yako, mwanangu. Lile la kulia lina kovu dogo la siku ulipoanguka na baiskeli, vinginevyo yote mawili ni mazima.

Mama yako